Kwa nini misibani tunanukuu Ayubu sura ya 1 na hatufiki sura ya 3?

#1 Mnyalukolo wa Makambako

Habari za jioni wakuu.

Nimehudhuria misiba ya Walutheri, ya Wakatoliki na ya walokole, na karibu yote ina mstari mmoja usiokosekana: "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Ni Ayubu 1:21. Kitabu kile kina sura 42. Mtu aliyesema maneno hayo sura ya 1 ndiye huyo huyo anayefungua kinywa sura ya 3 akailaani siku aliyozaliwa. Sura ya 7 anamwomba Mungu amwache kidogo hata ameze mate. Sura ya 10 anasema maisha yamemchosha. Sura ya 16 anawaambia rafiki zake kwamba ni wafariji wa kutaabisha. Hizo hazisomwi. Mfiwa anapewa sura ya 1 akiwa bado na udongo wa makaburini kwenye viatu, halafu anatakiwa abaki humo humo.

Hoja yangu ni hii: tumefanya kumtumaini Mungu kuwe sawa na kunyamaza. Anayelia sana anaambiwa imani yake haba. Anayeuliza "kwa nini mimi" anaambiwa anamkufuru Mungu.

Kwenye jumuiya yetu kuna dada alifiwa na mtoto wa miaka minne kwa malaria. Nilimkuta mkekani ameshika kandambili moja ya yule mtoto, anaipangusa kwa ncha ya khanga. Kila aliyeinama kumpa pole alimwambia "kazi ya Mungu haina makosa", naye anaitikia amina bila kuinua macho. Mzee mmoja akaongeza kwamba Mungu humchuma ua zuri zaidi bustanini. Dada akaacha kupangusa. Baada ya kuanua matanga hakuonekana tena jumuiyani wala kanisani.

Tunamsaidia nani na maneno hayo?

#2 Kijana wa Kwaya

Naweka kambi hapa.

#3 Mama Neema

Bwana Yesu asifiwe. Baba, mimi sikubaliani na wewe, na nasema kwa sababu yamenipata.

Baba watoto alipofariki sikuwa na nguvu za kusoma sura 42. Nilikuwa na nguvu za mstari mmoja tu, na ulikuwa huo. Nilikuwa nausema jikoni nikikoroga uji, nausema kwenye daladala, nausema usiku watoto wakishalala. Sikuwa nauelewa. Niliushika kwa kuwa ulikuwa mfupi na niliujua kwa moyo. Ungeninyang'anya huo ukanipa sura ya 3, sijui ningefika wapi.

Kwa hiyo usiseme haumsaidii mtu. Sema haukumsaidia yule dada.

#4 Mchungaji Mstaafu

Amani iwe nanyi. Nimezika watu miaka mingi, na #1 na #3 nawakubali wote wawili. Mnisikilize kidogo.

Ayubu alisema mwenyewe "Bwana alitoa". Hakuna aliyekuja kumwambia. Mama Neema naye alisema mwenyewe, jikoni kwake. Yule dada wa Makambako ALIAMBIWA. Neno likitoka kinywani mwa mfiwa ni sala. Likitoka kinywani mwa jirani aliyekuja kula pilau ya msiba, mara nyingi ni njia ya kuyamaliza mazungumzo haraka.

Someni pia mwisho wa sura ya 2. Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu, walipofika waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona mateso yake ni makuu mno. Hapo walikuwa wafariji kamili. Balaa lilianza walipofungua midomo. Bildadi, sura ya 8 mstari wa 4, anamwambia baba aliyezika watoto kumi kwamba pengine walimkosea Mungu ndiyo maana wamekufa. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye misiba ya kwetu, na aliyeyasema alikuwa amevaa kola kama mimi.

#5 SimbaWaYuda7

Watumishi, tusiwe wapole kupita kiasi. Kuna msiba wa kawaida na kuna msiba wenye mlango ambao laana imeingilia. Ukoo mmoja unazika vijana watatu kwa mfululizo halafu mnakaa kimya siku saba? Kumbukumbu la Torati 28 imeandika baraka na laana waziwazi. Mtu afunge, aombe, avunje maagano ya mababu. Kumtumaini Mungu si kukaa kwenye majivu.

Na kitabu cha Ayubu kinaishia na ushindi. Alirudishiwa kila kitu maradufu: mali maradufu, watoto maradufu. Kwa nini hamlihubiri hilo?

#6 Binti wa Kihehe

SimbaWaYuda7, rudi usome 42:12-13 taratibu kaka yangu.

Mwanzo alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Mwisho: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Mifugo kweli ni maradufu. Watoto je? Mwanzo wana 7 na binti 3. Mwisho wana 7 na binti 3. Idadi ni ile ile.

Na hakuna mzazi atakayekubali kwamba watoto kumi wapya wanafuta makaburi kumi ya zamani. Mimi nilipoteza mimba, nikaja kupata mtoto mzima wa afya. Namshukuru Mungu kwa huyu niliyenaye, na yule bado namkumbuka kila mwezi wa nane. Watu waliponiambia "si umepata mwingine" nilikuwa natoka nje.

#7 Mwalimu wa Sunday School

Asante kwa rekebisho la hesabu #6. Ila sisi tulifundishwa hivi: watoto hawakurudishwa maradufu kwa sababu wale kumi wa kwanza hawakupotea. Ngamia akifa ameisha. Mtoto akifa yuko kwa Mungu. Kumi huko, kumi huku, ndiyo ishirini, ndiyo maradufu. Kwangu maelezo hayo yana faraja kubwa.

#8 Binti wa Kihehe

Yana faraja kweli, nayapenda. Ila kitabu chenyewe hakisemi hivyo popote. Ni sisi tunaokijazia.

#9 Muuguzi Zamu ya Usiku

Mimi nitasema kitu ambacho hapa hakijaguswa, na naomba msinipige mawe.

Nafanya kazi wodi ya watoto. Mtoto analetwa siku ya tano ya homa. Kwanza alipewa mwarobaini, kisha akapelekwa kwenye maombi akamwagiwa maji ya upako, kisha duka la dawa, ndipo sisi. Amefika hana damu, anadegedega. Tunahangaika na sindano ya artesunate ya malaria kali, tunatafuta damu ya kumwongezea, alfajiri anatutoka. Saa mbili asubuhi nasikia getini: kazi ya Mungu haina makosa.

Kazi ya MUNGU? Na upande wetu siusafishi. Niliwahi kuwa kituo kimoja ambako usiku ule kipimo hakikuwepo, na aliyekuwa na ufunguo wa stoo hakupokea simu. Kesho yake ikawa kazi ya Mungu vilevile.

Namtumaini Mungu, tena sana, bila yeye nisingeweza kurudi kazini jioni yake. Lakini naona tunambebesha mizigo ya watu. Bodaboda anakimbia bila helmeti, mwendo wa kifo, akianguka tunasema saa yake ilifika. Kabla ya kuuliza Mungu alikuwa na makusudi gani, tuulize chandarua kilikuwa wapi.

#10 Mnyalukolo wa Makambako

#9 Mungu akubariki dada. Yule mtoto naye alifikishwa hospitali akiwa amechelewa. Hakuna aliyelisema hilo msibani, na sikujua kama lilifaa kusemwa siku ile.

#11 Muuguzi Zamu ya Usiku

Siku ile hapana. Wiki mbili baadaye, kwa majirani wenye watoto wadogo, ndiyo.

#12 SimbaWaYuda7

Nawaelewa, lakini mwisho wa siku Mungu ndiye anayeruhusu. Shetani hakumgusa Ayubu mpaka alipopewa ruhusa. Kwa hiyo huwezi kumtoa Mungu kabisa ukabaki na chandarua tu.

#13 Fundi Cherehani

Hapo Simba umesema kweli, na ndipo panaponiumiza kichwa mimi. Ruhusa ilitolewa mbinguni, Ayubu hakuambiwa. Hata Mungu alipoongea naye kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, sura ya 38 na kuendelea, anamuuliza alikuwa wapi alipoiweka misingi ya dunia, anamwonyesha mbuni, farasi, tai, kiboko. Habari ya Shetani hamtajii hata kidogo. Ayubu anakufa mzee bila kujua kwa nini. Sisi wasomaji ndio tunaojua, yeye hakujua.

Na tukiwa hapo, naomba tumtendee haki mke wa Ayubu. Kila mhubiri anamchapa kwa ile "umkufuru Mungu, ukafe". Na wale watoto kumi walitoka tumboni mwa nani? Mifugo ilipoibwa, ni yeye pia alifilisika. Akaja kumuuguza mume mwenye majipu toka wayo wa mguu hadi utosini. Alisema sentensi moja tu kwa uchungu, na hiyo moja imetosha kumfanya mfano mbaya kwa vizazi vyote.

#14 Kijana wa Kwaya

Fundi leo cherehani umeiacha, umepanda madhabahuni 😀

#15 Mama Neema

Mwacheni Fundi, amesema neno. Mimi pia sentensi kama hiyo niliitoa, ila hakukuwa na mtu wa kuiandika.

#16 Mtoto wa Goma

Jambo wote. Niko Goma. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, jioni, tulikimbia usiku ule na magodoro kichwani, wengine kuelekea Gisenyi upande wa Rwanda, wengine njia ya Sake. Moto ulishuka ukala nyumba za Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Wazee walikumbuka wa mwaka 2002, ule uliingia mpaka katikati ya mji.

Tuliporudi, kuna wahubiri waliosimama barabarani wakasema ni dhambi za mji. Mimi nikajiuliza: mbona baa kubwa niliyoijua haikuguswa, na kanisa dogo la mama mmoja mjane likafunikwa na mawe? Mtu akanionyesha Luka 13. Yesu mwenyewe aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Tangu hapo nikiona mtu anahesabu dhambi za aliyeangukiwa, namsomea ule mstari.

Volkano ni volkano. Imani yangu ni kwamba Mungu alikuwa nasi njiani, na si kwamba alitutupia moto.

#17 SimbaWaYuda7

#16 pole sana ndugu. Lakini Luka 13 usiikate hapo. Yesu anaendelea: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Kwa hiyo msiba ni kengele pia.

#18 Mtoto wa Goma

Kengele kwa waliobaki, sawa. Si hukumu kwa waliokufa.

#19 Abu Swaleh

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimepita nikasoma, nimeona uzi una adabu, nikaona nichangie.

Kwetu Nabii Ayub ni mfano wa subira. Lakini Qur'ani, Surat Al-Anbiyaa aya ya 83, inatuonyesha kwamba aliita, akasema dhara imenigusa, nawe ni mwenye kurehemu kuliko wote. Masheikh wetu huku Tanga hutueleza kwamba kumlalamikia Mola si kukosa subira. Kukosa subira ni kumlalamikia Mola kwa watu. Kwa hiyo mleta uzi yuko karibu na tunavyofundishwa, na yule mama wa #3 pia.

Sisi tukipata msiba tunasema innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun, na anayeanza kuisema ni mfiwa mwenyewe.

#20 Mnyalukolo wa Makambako

Waalaykum salaam Abu Swaleh. Shukrani sana.

#21 Katekista

Tumsifu Yesu Kristo.

Mleta uzi anasema tumefanya kumtumaini Mungu kuwe kunyamaza. Kwa Kanisa zima siyo kweli. Jumapili ya Matawi, miaka ya Mathayo na ya Marko, tunasoma mateso, na ndani yake Bwana mwenyewe analia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", ambayo ni Zaburi ya 22. Mwana wa Mungu alikufa akiwa na swali mdomoni, swali alilolitoa kwenye kitabu cha sala cha taifa lake. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini". Ya 88 ndiyo nzito kuliko zote: nyingine za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa, hiyo haigeuki, inaishia gizani. Na bado imo kwenye Sala ya Usiku ya Kanisa kila Ijumaa. Mapadre na watawa wanaisali kila wiki, wawe na shida au wawe na raha.

Kwa hiyo lugha ya kulia tunayo. Tatizo ni kwamba tunaiacha kwa mapadre, na waamini wanabaki na ule mstari wa Ayubu.

#22 Mnyalukolo wa Makambako

Hapo kwenye aya yako ya mwisho ndipo nilipokuwa nataka kufika.

#23 Neema Yatosha

Wapendwa msichanganye watu. Biblia imesema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Ukiona jaribu limekujia jua una uwezo nalo. Basi.

#24 Mchungaji Mstaafu

Mwanangu #23, mstari unaoutafuta ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anaongelea kujaribiwa kutenda dhambi. Soma juu yake: sanamu, uasherati, manung'uniko jangwani. Ahadi ni kwamba daima kuna mlango wa kutokea bila kuanguka dhambini. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyo huyo katika 2 Wakorintho 1:8 anasema kule Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. KUPITA nguvu zao. Na anaeleza kwamba ilikuwa hivyo ili wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu.

Nimeona watu wakivunjika kwa kauli hiyo ya mzigo. Mama ana mume anayesafishwa figo mara tatu kwa juma, shamba limeuzwa, ng'ombe wameuzwa, na kila Jumapili anaambiwa "unaweza, ndiyo maana umepewa". Hawezi. Anahitaji watu wa kubeba naye, na Wagalatia 6:2 inasema hivyo hivyo.

#25 Neema Yatosha

Ubarikiwe baba. Ngoja nikasome yote mawili.

#26 Omwana wa Bukoba

Mimi naleta kesi nyingine, Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode anamkamata Yakobo anamuua kwa upanga. Anamkamata Petro, malaika anakuja anamtoa gerezani usiku. Sura moja, mfalme mmoja. Kanisa lilimwombea Petro kwa juhudi. Mnadhani Yakobo hawakumwombea? Luka anaandika kifo cha Yakobo kwa sentensi moja na haelezi kwa nini malaika hakuja.

Huku kwetu tuko jirani na Uganda, na wazee wetu wanamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa wakati wa Idi Amin pamoja na mawaziri wawili, serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Mwili haukutolewa kwa ibada ya Kampala. Watu walijaa kwenye kanisa kuu la Namirembe, kando ya kaburi tupu lililochimbwa kwa ajili yake, wakaimba nyimbo za ufufuo. Walikuwa wameomba alindwe, na hakulindwa. Waliimba hata hivyo.

Ndiyo maana mimi napenda jibu la wale vijana watatu kwa Nebukadreza, Danieli 3. Mungu wetu aweza kutuokoa. BALI KAMA SI HIVYO, hatutaiabudu sanamu yako. Maneno hayo manne ya katikati hayasikiki kabisa kwenye mahubiri ya siku hizi.

#27 Kijana wa Kwaya

Kwenye nyimbo nami nina la kusema. Ule wimbo wa Salama Rohoni tunaouimba misibani uliandikwa na baba aliyekuwa melini na binti zake wanne, meli ikazama akawaona wanakufa, akauandika palepale.

#28 Binti wa Kihehe

Karibu, ila hakuwemo melini. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, alibaki nyuma kwa shughuli zake. Mkewe Anna ndiye aliyesafiri na binti wanne. Meli ya Ville du Havre iligongana na nyingine Atlantiki tarehe 22 Novemba 1873, ikazama kwa dakika chache. Anna alipofika Uingereza alimpelekea mumewe simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake. Spafford alipanda meli kumfuata, na inasimuliwa kwamba maneno yalimjia walipopita sehemu ile ya bahari. Muziki aliutunga Philip Bliss mwaka 1876, naye akafa kwenye ajali ya treni Desemba mwaka huo huo.

Kipande ambacho hakisimuliwi kanisani ni kilichofuata. Walipata watoto wengine, mwaka 1880 wakampoteza na mtoto wa kiume. Watu wa kanisa lao wakaanza kunong'ona kwamba familia inayopigwa hivyo lazima ina dhambi. Waliondoka kanisani, na mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu. Yaani aliyetupa wimbo wa faraja, rafiki za Ayubu walimfikia hadi mlangoni.

#29 Kijana wa Kwaya

Duh. Kwaya tutaisimulia hivyo kuanzia sasa.

#30 Mtafiti Huru

Nimewasoma wote kwa heshima, na mimi si muumini tena. Nina swali la kweli, sio la kuchokoza.

Mtu akipona ni Mungu. Asipopona ni makusudi ya Mungu. Akifufuka kibiashara ni baraka, akifilisika ni jaribu. Petro akitoka gerezani ni Mungu, Yakobo akichinjwa ni siri. Kuna jambo gani lingeweza kutokea likawaambia "hapa hakuna wa kumtumaini"? Kama halipo, mnatumaini nini hasa? Mimi nilizika mama yangu baada ya kanisa zima kufunga siku tatu, na hakuna aliyekuja baadaye kuniambia hata "hatujui". Walikuja na majibu.

#31 SimbaWaYuda7

Mkuu, imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, Waebrania 11:1. Ukitaka ushahidi kwanza hiyo siyo imani tena.

#32 Mchungaji Mstaafu

Simba, usimjibu kwa haraka hivyo. Sura hiyo hiyo ya 11 ina watu waliofumba vinywa vya simba na ina waliokatwa kwa misumeno, na wote wanahesabiwa imani moja.

Mtafiti Huru, pole na mama. Wale waliopaswa kukuambia "hatujui" walikuwa na deni kwako. Swali lako mimi sina jibu litakalokutosha. Naweza kukuambia tu kwamba simtumaini Mungu kwa kupiga hesabu ya mangapi yalijibiwa na mangapi hayakujibiwa. Ningepiga hesabu hiyo ningeacha uchungaji mapema. Namtumaini kwa sababu ya yule wa msalabani ambaye naye hakuondolewa kikombe.

#33 Mtafiti Huru

Asante mzee. Sijashawishika, ila umenijibu kama mtu.

#34 Mama Neema

Mwanangu Mtafiti, mimi sijui kubishana. Uliuliza tunatumaini nini hasa. Baba watoto hakurudi, ada za watoto zilinitesa, kibanda cha mboga kilibomolewa mara mbili. Sikupata jibu la "kwa nini" hata moja. Nilichopata ni kwamba kila nilipolia nilijua kuna ninayemlilia. Wewe unaweza kusema ni mawazo yangu. Mimi nimeishi nayo.

#35 Fundi Cherehani

Mleta uzi, yule dada yuko wapi sasa?

#36 Mnyalukolo wa Makambako

Yupo, anauza mahindi ya kuchoma na chai stendi. Kanisani bado hajarudi. Akina mama watatu wa jumuiya wanapita kwake siku za gulio, wanakunywa chai, wanamsaidia kumenya mahindi, wanaondoka. Nimewaomba viongozi wasimtumie mtu wa kumhimiza.

Nimerudi pia kwenye Ayubu baada ya michango yenu na kuna mstari nilikuwa naupita siku zote, 42:11. Baada ya yote, ndugu zake na dada zake na wote waliomjua zamani walikuja nyumbani kwake, wakala chakula naye, wakamlilia, wakamfariji, na kila mtu akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Hiyo ni rambirambi kabisa. Na inaandikwa KABLA ya kondoo 14,000. Huenda mtaji wa kuanza upya ulitoka kwenye daftari la michango.

#37 Binti wa Kihehe

Hilo la mtaji umeongezea wewe, mstari wa 10 unasema Bwana ndiye aliyemrudishia 😀 Ila mpangilio wa mistari kweli uko hivyo.

#38 Mnyalukolo wa Makambako

Sioni ugomvi hapo. Bwana alimrudishia, na wakapita mlangoni kwake wakiwa na bahasha.

#39 Muuguzi Zamu ya Usiku

Ndugu hao hao sura ya 19 wanalalamikiwa kwamba walimkimbia akiwa mgonjwa. Walirudi mambo yalipotulia. Mimi bado nina kinyongo nao.

#40 Neema Yatosha

Nimesoma kama nilivyoahidi. Sasa nina swali: Mungu mwishoni anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kutonena yaliyo sawa, anawaambia watoe ng'ombe 7 na kondoo waume 7 na Ayubu awaombee. Yule kijana Elihu, aliyeongea kuanzia sura ya 32 mpaka 37, hatajwi kabisa. Alinena sawa au hakunena sawa?

#41 Katekista

Wengine husema alikuwa sahihi, ndiyo maana hakukemewa. Wengine husema hakustahili hata kujibiwa.

#42 Mchungaji Mstaafu

Nina maoni ya tatu, ila yanahitaji nafasi. Kesho nina ibada ya mazishi saa nane, nikirudi nitaandika. Someni 36:15 wakati mnanisubiri.